Mpenzi wa Jumatano

Jumatano mchana, pale chuoni Woluwe, Brussels, mlango wa ukumbi mkubwa wa kemia hauna adabu. Watu mamia kadhaa wanataka kupita kwa pamoja, kila mmoja na begi lake mgongoni, na hakuna anayemwachia mwenzake nafasi. Rolande alikuwa katikati ya msukumano huo, kajipamba kwa koti la rangi ya haradali na kilemba cha kitenge, mkononi kopo la maandazi aliyokaanga shangazi yake. Kiwiko cha mtu kikamgonga. Kifuniko kikaruka, na maandazi yakatawanyika sakafuni kati ya viatu vya watu.

"Aba! Mandazi yangu!" alipiga kelele kwa Kiswahili, kwa sababu Kifaransa chote kilikuwa kimemtoka.

"Usilie, mama. Hii mandazi ine haikuguswa na muguu. Niliangalia," sauti ilimjibu kutoka chini.

Kijana mrefu alikuwa amechuchumaa, anaokota andazi moja moja na kulipuliza vumbi kama mtu anayeamsha makaa. Alikuwa na koti jeusi lililofunguliwa zipu, nyusi nzito, na tabasamu la upande mmoja. Rolande alitaka kukasirika akashindwa.

"Weye ni wa wapi?"

"Goma. Naitwa Donat. Na weye, vile ulisema 'aba', ni Lubumbashi tu, siulize hata."

"Na wewe vile unaokota chakula ya chini, ni Goma tu, siulize hata."

Walicheka mpaka wakasukumwa ndani. Rolande alikuwa mwaka wa kwanza wa famasia, amefika Brussels mwaka ule ule na diploma yake ya Taifa ya kumaliza sekondari kutoka Lubumbashi, na alijiona msomi kamili. Alimwongoza kijana hadi safu za juu kabisa, mahali pa watu wanaopenda kuona bila kuonwa. Huko chini, safu ya mbele kabisa, kulikuwa na vijana waliovaa vitambulisho vya njano shingoni. Hao walikuwa wanafunzi wa rhéto, yaani mwaka wa mwisho wa sekondari. Shule zao hufunga Jumatano mchana, na chuo kiliwaruhusu kusoma somo moja la mwaka wa kwanza na kulifanyia mtihani Januari. Atakayefaulu, somo hilo litahesabiwa atakapoingia chuo.

"Ona bale batoto ba badge," Rolande alisema, akitafuna. "Bado banaomba maman ruhusa ya kutoka, alors banakuya kutukalia mbele hapa. Franchement, muntu muzima hawezi kukaa na bale."

Donat alipandisha zipu ya koti lake mpaka kidevuni, ingawa ukumbi ulikuwa na joto la kutosha kukausha nguo.

Rolande aliiona zipu ile ikipanda. Akadhani kijana anaona aibu kukaa karibu na msichana mzuri, na akaridhika na maelezo yake mwenyewe. Mtu akijipenda sana huwa hachunguzi.

Mapenzi yalianza haraka. Jumapili walikutana Flagey, soko likiwa limejaa, wakala viazi vya kukaanga kwenye karatasi, wamesimama kando ya ziwa huku upepo ukiwatupia majani. Donat alimweleza mambo ya mole, kile kipimo cha kemia, mpaka yakaeleweka, jambo ambalo profesa alikuwa ameshindwa tangu Septemba. Alimwita *bolingo*, akamwita *chérie*, siku moja akamwita "mama ya watoto yangu", na Rolande akampiga begani akiomba kimoyomoyo arudie.

Lakini Rolande alikuwa na kidonda. Kule nyumbani alikuwa amempenda Hervé, aliyejiita mwanafunzi wa sheria, kumbe alikuwa na mke na mtoto Kolwezi. Rolande alikuwa mtu wa mwisho kujua, na jiji zima lilimcheka. Aliondoka Lubumbashi ameapa kwamba mwanamume mwingine hatamfanya mjinga. Kwa hiyo, alipoanza kumpenda Donat, alianza pia kumpeleleza, na kazi zote mbili alizifanya kwa bidii.

Na mambo ya kupeleleza yalikuwepo. Jumatatu Donat haonekani chuoni. Jumanne haonekani. Kwenye maabara hayupo, mkahawani hayupo, maktabani hayupo. Ni Jumatano tu. Tena hiyo Jumatano, profesa akitoa mapumziko katikati ya kipindi, Donat hushuka mbio na kupotelea kwenye kundi la watu huko chini, kisha hurudi anahema.

"Unaenda wapi kila mara?"

"Toilette."

"Kila mercredi, saa ile ile?"

"Bon, tumbo yangu inajua saa."

Na simu ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Allô, bolingo."

"Usiniite bolingo. Nilikupigia saa sita, simu imefungwa. Nilikupigia saa nane, imefungwa. Ulikuwa umekufa?"

"Nilikuwa na kazi, chérie."

"Kazi gani yenye inafunga simu kutoka asubui mpaka saa kumi?"

"Tuongee bintu bizuri. Umekula?"

"Usiniulize kama nimekula! Muntu mwenye iko na siri njo anaulizaka bantu kama bamekula!"

Donat alicheka upande wa pili. Kicheko chake kilikuwa kitamu, na hilo lilimkasirisha Rolande zaidi, kwa sababu alitaka kumchukia vizuri na kicheko kilikuwa kinamzuia.

Lucienne, rafiki yake wa darasani, msichana wa Bukavu mwenye nyusi za kuchora na maoni juu ya kila kitu, alisikiliza habari zote hizo wakiwa wanasubiri kahawa kwenye mashine.

"Rolande, sikia miye. Bwana mwenye anapatikana mercredi na dimanche tu, ile ni zamu."

"Zamu gani?"

"Zamu! Siku za kwako na siku za mwenzako. Iko na bibi. Ulishaona carte yake ya chuo?"

"Anasema aliipoteza."

"Voilà." Lucienne alichukua kahawa yake kama hakimu aliyemaliza kesi.

Rolande hakulala vizuri wiki ile. Alimpenda. Hilo alilijua wazi, kifua kilikuwa kinamwambia kila simu ilipolia, na ndiyo maana aliogopa. Alimtega: akamwomba wakutane Jumanne saa sita, hata dakika kumi, mahali popote anapotaka yeye. Donat akasema haiwezekani.

"Hata dakika dix?"

"Hata cinq, Rolande. Nisamehe. Nitakueleza siku moja."

"Siku moja ni siku gani? Mercredi?"

Alhamisi Rolande hakuwa na vipindi alasiri. Donat alikuwa amemwambia kwamba anakaa Anderlecht na mama yake, karibu na kituo cha Saint-Guidon. Rolande alijiambia anakwenda huko kutafuta unga wa muhogo. Maduka yanayouza unga wa muhogo yako hatua chache kutoka kwa shangazi yake, lakini hakuna aliyekuwa pale wa kumuuliza. Alivaa miwani ya jua chini ya mawingu ya Novemba, akapanda metro laini ya tano, akashuka Saint-Guidon na kusimama nyuma ya mashine ya chokoleti.

Hakungoja sana. Treni iliingia upande wa pili, milango ikafunguka, na Donat akashuka. Mkononi alishika begi la kike la rangi ya waridi. Kwenye mkono wake mwingine alikuwa ameegemea msichana mrembo, nywele zimesukwa mpaka kiunoni, anacheka kichwa nyuma.

Hayo bado Rolande angeweza kuyavumilia. Kilichommaliza ni nguo. Donat na yule msichana walikuwa wamevaa sweta yenye kofia, rangi ya damu ya mzee, na mstari mweupe mkononi. Kitambaa kimoja, rangi moja, mshono mmoja.

Kwao, jambo hilo halihitaji maelezo. Mke na mume wakienda arusi, ubatizo au kanisani Jumapili, hukatiwa kitenge kimoja, na anayewaona anajua hawa ni wa nyumba moja. Mama yake Rolande alikuwa na sanduku zima la vitenge alivyovaa pamoja na baba yake. Hata Hervé, siku alipofumaniwa, alifumaniwa hivyo hivyo: kwenye picha ya ubatizo wa mwanawe, yeye na mkewe wamevaa maua yale yale ya bluu.

Treni ya upande wa Rolande ilikuja ikawaficha. Ilipoondoka, hawakuwepo. Rolande alikaa kwenye benchi la kituo, akalia ndani ya miwani yake mpaka bibi mmoja Mbelgiji akampa karatasi laini ya kujifutia.

Saa kumi na moja simu ililia.

"Allô, chérie, leo nimekufikiria..."

"Arusi ni lini?"

"Arusi ya nani?"

"Ya weye na yule dada mwenye misuko! Nimebaona Saint-Guidon. Munavaala uniforme, Donat! Uniforme! Na begi yake ulibeba!"

Donat alifanya kosa kubwa kuliko yote: akacheka.

"Unacheka?"

"Hapana, pardon, pardon. Rolande, haiko vile unafikiri. Ule ni Emmanuella tu. Ile pull, ile sweta, ni ya..."

"Ni ya nani? Sema!"

Rolande alisikia televisheni ya nyumbani kwa Donat, na mama yake akiita watu mezani.

"Nitakueleza mercredi," Donat alisema kwa sauti ndogo. "Uso kwa uso."

"Mercredi! Tena mercredi! Mimi siko ya zamu!"

Akakata, akamfungia namba. Kisha akakaa kitandani akiitazama simu, kama kwamba simu ndiyo iliyomtukana.

Wiki chache zilipita hivyo. Jumatano Rolande alikaa katikati ya Lucienne na ukuta, begi limewekwa kwenye kiti cha pembeni ili mtu asikae. Donat alikaa nyuma yao, zipu kidevuni. Alituma ujumbe wa karatasi kupitia kwa Lucienne, na Lucienne aliurudisha bila kuufungua, kwa furaha ya mtu aliyetabiri mvua na mvua ikanyesha.

Ikafika Jumatano ya mwisho kabla ya mitihani. Ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Kabla profesa hajaanza, msaidizi wake, Florent, kijana mwembamba mwenye miwani na kikohozi, alichukua kipaza sauti.

Alisema kwa Kifaransa chake cha haraka kwamba leo hangepokea mahudhurio ya wanafunzi wa sekondari wakati wa mapumziko kama kawaida. Angeita majina sasa hivi. Mwanafunzi anayeitwa asimame mahali pake katika safu ya mbele, na kitambulisho chake kionekane. Ambaye hatasimama hapo leo hataingia kwenye mtihani wa Januari, na barua za wazazi hazitapokelewa.

Majina yakaanza. Huko mbele, mmoja baada ya mwingine, vijana walisimama na kukaa. Msichana mmoja alisimama kwa shida, ameshika gongo la hospitali kwapani. Misuko yake ilifika kiunoni. Alikuwa amevaa sweta ya damu ya mzee.

Rolande alishika mkono wa Lucienne. "Njo yule!"

"Bibi yake iko rhéto?" Lucienne alinong'ona. "Donc, anaoa mutoto?"

Kijana mwingine akasimama, mzungu, mnene, chunusi usoni. Naye alivaa sweta ile ile, yenye mstari ule ule mkononi. Rolande aliwatazama wote wawili na kichwa chake kikaanza kufanya hesabu ambayo hakuipenda.

"Bahati, Donat," Florent aliita.

Hakuna aliyesimama.

"Bahati, Donat?"

Huko mbele msichana mwenye gongo aligeuka, akaangalia juu, akitafuta. Rolande pia akageuka. Donat alikuwa ameketi safu ya nyuma yao, mikono imeshika ukingo wa meza, anamtazama yeye, Rolande, siyo Florent. Uso wake ulikuwa na jasho.

"Mara ya mwisho. Bahati."

Donat akasimama. Akashusha zipu yote, na sweta ya damu ya mzee ikaonekana. Akatoa mfukoni kitambulisho cha njano, akakivaa shingoni.

"Présent, monsieur."

Ukumbi mzima uligeuka. Mtu akapiga mluzi. Mwingine akauliza kwa sauti kama mtoto amepotea, na watu wakacheka. Donat alishuka ngazi zile zote akiwa na urefu wake wote, magoti yanagonga viti, hatazami kulia wala kushoto. Alipofika mbele Florent alimuuliza alikuwa anafanya nini huko juu.

"Nilikuwa naona haya, monsieur," alijibu kwa Kifaransa, na kipaza sauti kikaichukua sauti yake na kuisambaza kila pembe.

Hapo kicheko kilipungua. Rolande alikuwa hacheki. Alikumbuka maandazi, akakumbuka safu ya juu, na maneno yake mwenyewe yakamrudia mdomoni yakiwa machungu: muntu muzima hawezi kukaa na bale. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Alimngoja nje, kwenye baridi.

"Uko rhéto," alisema.

"Niko rhéto."

"Na miaka makumi mbili yako."

"Tulipokimbia Goma masomo ilisimama. Kufika hapa, papiers yangu ya masomo ilibaki kule, balinirudisha nyuma. Darasani ninakaaka na batoto ba miaka kumi na saba, magoti haiingie chini ya meza. Bananiitaka Tonton, yaani mujomba." Alijaribu kutabasamu. "Hii cours ya mercredi, njo kitu kimoja yenye inaniambia siko nyuma. Nikiipata, kapande kamoja ka ile miaka kanarudi."

"Na simu?"

"Ku masomo simu ni marufuku. Unaingia, unafunga, mpaka saa kumi."

"Na toilette?"

"Nilishukaka kumuonyesha Florent badge."

Rolande alivuta pumzi. Kila swali alilokuwa amelitunza lilikuwa linapata jibu dogo, la kawaida, na kila jibu lilimuudhi kidogo.

"Miye nilikutukana siku ya kwanza," alisema. "Ile, nisamehe. Nilikuwa najisikia. Mais weye, Donat, miezi yote hii unaniacha nahesabu babibi bako! Unajua miye natoka wapi? Unajua nililia karibu na mashine ya chocolat?"

"Sikujua."

"Basi, jua. Na sikuamini bado. Muntu anaweza kukopa pull."

"Kuya vendredi saa kumi ku masomo yetu. Utaona na macho yako."

Ijumaa hiyo akaenda. Bila shaka alienda, tena alifika mapema, akasimama ng'ambo ya barabara na miwani yake ya jua. Kengele ikalia, lango la shule likafunguliwa, na sweta za damu ya mzee zikaanza kumwagika barabarani. Wavulana, wasichana, wanene, wembamba, Waarabu, Wazungu, Wakongo, wote katika kitambaa kimoja. Mwaka wa mwisho wote hapa Ubelgiji hushonewa sweta ya namna moja, jambo ambalo kila mtu Brussels anajua isipokuwa wale waliokuja na diploma zao mkononi.

Rolande alicheka mpaka akashika nguzo ya taa. "Arusi gani hii!" alisema peke yake. "Na bwana arusi iko wapi?"

Emmanuella alimfikia kwanza, akidunda na gongo lake. "Weye njo Rolande? Dada, Tonton anatuchosha na jina yako! Niliumia mguu ku gym, ananibebea begi, mais njia yote ni Rolande hivi, Rolande vile. Mupokee, pitié."

Nyuma yake alikuja Donat, mkononi mfuko wa karatasi. Hakusema bolingo wala chérie. Alimpa tu mfuko. Ndani kulikuwa na sweta ya damu ya mzee, mpya, bado ina mikunjo.

"Niliiagiza octobre," alisema. "Tulipoulizwa nani anataka ya pili. Sikuwa na njia ya kukupatia bila kusema ukweli."

Rolande aliikunjua, akaipima mabegani. Alijua vizuri, na kijana pia alijua, kile ambacho kitambaa kimoja kinasema kwa watu wa kwao.

"Donat, unajua unaniuliza nini?"

"Najua."

"Bon." Aliikunja tena taratibu, akaiweka kifuani. "Nitakujibu siku ya examen."

Asubuhi ya mtihani, Januari, theluji ilikuwa imeanza kuwa matope. Lucienne alimkuta Rolande kwenye mlango wa metro pale Alma, koti la haradali limefungwa vifungo vyote.

"Unaficha nini?"

Rolande alifungua vifungo. Lucienne aliitazama sweta ya damu ya mzee, kisha akamtazama usoni.

"Munavaala uniforme?"

"Tunavaala."

Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Lucienne hakuwa na maoni.

Mlangoni kulikuwa na mistari miwili. Donat alikuwa kwenye ule wa kushoto, kati ya watoto wake wa njano, kichwa kimewazidi wote. Alipomwona Rolande na alichovaa, alifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Mwanamke aliyekuwa akipanga watu naye aliiona sweta, akamshika Rolande kiwiko.

"Mademoiselle, wanafunzi wa sekondari ni kushoto."

Lucienne alifungua kinywa kumtetea. Watu wa famasia, wale wa safu za juu, waligeuka kutazama. Rolande alikuwa na kadi yake ya chuo mfukoni, na angeweza kuitoa.

"Merci, madame," alisema, akaenda kushoto, akasimama nyuma ya Donat na kumshika mkono.

"Weye kweli uko na miaka ngapi?" Donat alimnong'oneza.

"Usiniulize. Na ule msichana mbele yako mwenye kukuchekea, ni nani?"

"Rolande!"

"Nauliza tu," alisema, bila kumwachia mkono, na mstari ukasogea.